Waganga wa mitishamba na chanjo: tusiwaweke wote kwa gunia moja

Kampeni ya chanjo ikikaribia huku Kisumu, kama ile ya surua na taifodi ya Julai 2025, maneno yanaanza upya. Watu wa hospitali wanasema waganga wa mitishamba wanapotosha akina mama, na waganga wengine nao wanajibu ati sindano ni sumu, mtoto amezaliwa na kinga yake. Watoto wetu ndio wako hapo katikati so acha tuiangalie hii kitu pole pole.

Kwanza hawa watu si wa aina moja. Kuna mama wa manyasi, muuza mitishamba, pale soko la Kibuye siku ya Jumapili, magome amefunga kwa kamba, unga ameweka kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, mizizi imetandazwa juu ya gunia. Huyo ukimuuliza habari ya chanjo mara nyingi atakwambia peleka mtoto kliniki, na wajukuu wake mwenyewe wamechanjwa. Kuna nyamrerwa, mkunga wetu wa kijijini, ambaye siku hizi wengi wao ndio wanasindikiza akina mama hadi zahanati. Halafu kuna wale wa tiba mbadala iliyotoka nje, na hapo ndipo utapata upinzani uliokomaa, wenye nadharia kabisa. Palmer, yule aliyeanzisha tiba ya kunyoosha uti wa mgongo huko Marekani mwaka 1895, alikuwa anapinga chanjo waziwazi. Kwa hivyo mtu akisema kukataa chanjo ni mila yetu, hiyo hoja haina miguu. Wazee wetu walikuwa wanakata mtoto chale na kumpaka dawa ili asidhurike, yaani kumkinga mtu kabla hajaugua ni wazo la zamani sana kwetu. Na huko Boston, Marekani, kabla ya mlipuko wa ndui wa 1721, ni Mwafrika mtumwa, Onesimus, alieleza jinsi kwao walikuwa wanatia usaha wa ndui kwa ngozi iliyokatwa ili mtu asije akapata ndui kali. Jenner wa Uingereza, yule daktari wa chanjo ya kwanza iliyotoka kwa ndui ya ng'ombe, alikuja 1796.

Sasa malalamiko ya wanaopinga chanjo, na mengine ni ya haki kabisa. Katikati ya 2025 chanjo za kifua kikuu na polio ziliadimika nchini, mama amelipa boda kutoka mbali na mtoto mgongoni anaambiwa hakuna rudi wiki ijayo, huyo akirudi nyumbani na hasira atamsikiliza yeyote aliye na muda wa kumsikiliza, na mganga ana muda. Mwaka 2014 Maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya kuzuia mimba, serikali na WHO wakakanusha, lakini mama wa kawaida hakukalishwa chini akaelezwa kitu, na hofu ile bado iko mpaka leo.

Lakini kuna kitu naona hakisemwi. Mganga anaona watoto gani? Mtoto akidungwa ile sindano ya wiki ya sita, inayochanganya chanjo kadhaa, sehemu yake ya kifaduro huleta homa kwa watoto wengi, jioni mwili unachemka, analia usiku kucha, asubuhi nyanya anasema twende kwa fulani. Mganga anamwona huyo. Wale wengine waliodungwa siku hiyohiyo wakalala vizuri hawafiki kwake, na yule ambaye surua ingemuua lakini haikumpata, huyo hakuna mtu anaweza kumwona, hata daktari. Kwa hivyo akisema "hizi sindano zinaletea watoto ugonjwa" si lazima awe anadanganya, anasema alichoona, ni vile tu ameona upande mmoja kwa miaka mingi. Nesi angemwambia mama mapema kwamba homa itakuja na itaisha kwa siku moja mbili, nusu ya hii vita ingeisha.

Pale siwezi kuwakubalia ni wakisema mitishamba inaweza kuchukua nafasi ya chanjo. Hoja yao kubwa ni kwamba dawa ya malaria yenyewe ilitoka kwa mmea, na ni kweli, Tu Youyou wa Uchina alipata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini. Lakini ile ilitolewa kwa mmea ikapimwa, ikajulikana kipimo, na inatibu aliyekwisha ugua. Surua haingoji. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza hadi watu 9 kati ya 10 walio karibu naye wasio na kinga, halafu inafuta kumbukumbu ya kinga ya mwili hata magonjwa ambayo mtoto alikuwa ameshayashinda yanaweza kumrudia. Samoa mwaka 2018 watoto wawili walikufa kwa kosa la manesi kuchanganya chanjo na dawa nyingine, watu wakaogopa, chanjo zikashuka, na surua ilipoingia 2019 watu 83 walikufa, wengi wao watoto, na wengine walikuwa wamepelekwa kwa waganga kwanza. Kosa lilianzia hospitalini, hilo nalikubali, lakini waliolipa ni watoto.

Chanjo ya malaria nayo, iliyojaribiwa hapa kwetu Siaya na Kombewa kisha ikaanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, wanaidharau kwa sababu kwenye majaribio ilipunguza malaria kwa kama asilimia 36 tu kwa miaka minne. Ni kidogo, ndio. Lakini kwa maeneo ya Kenya, Ghana na Malawi ilikotolewa, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilishuka asilimia 13, na huku kwetu kila boma linajua malaria imechukua nani.

Shida ya hiyo chanjo ni dozi ya nne, iliyowekwa miezi 24, mtoto ameshaanza kukimbia uwanjani na hakuna anayekumbuka kliniki. Nyamrerwa anamwona huyo mtoto kila siku. Kaunti ingempa orodha ya watoto wa mtaa wake na nesi wa kumjibu maswali bila kumfokea, hao watoto wangefika.