Mtoto aanze chekechea na miaka mingapi? Umri peke yake hautoshi

Kila ikikaribia Januari wazazi wenye watoto wadogo wanaulizana swali moja tu, wa kwako unampeleka lini. Mwenye mtoto wa miaka mitatu ambaye bado yuko nyumbani anaambiwa wenzake wameshaanza bebi klasi, na mwenye wa mitano ndo usiseme, anaonekana kama amemtelekeza kabisa. Kwa mtazamo wangu tunabishana sana kuhusu namba na tunasahau kumwangalia mtoto mwenyewe na lile darasa tunalompeleka.

Tuanze na serikali inasemaje. Hapa Tanzania Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka awali iwe mwaka mmoja mtoto akiwa na miaka 5, kisha la kwanza aingie na 6, sio 7 kama wengi wetu tulivyoanza. Kenya wana miaka miwili ya awali, PP1 ya miaka 4 na PP2 ya miaka 5. Uingereza watoto wengi wanaingia shule wana miaka 4, wakati Ufini la kwanza ni mwaka ule mtoto anaotimiza 7. Nchi zimepishana hivyo na kote huko watu wanajua kusoma, so namba yenyewe sio dawa. Wazee wetu walikuwa wanapitisha mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili, ukigusa unaandikishwa, na wala hawakuwa wajinga, wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, ikabidi mwalimu amwangalie mtoto aliyesimama mbele yake.

Wanaosema aanze mapema wana hoja nzito na sipendi wanavyobezwa. Mama anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini au sokoni, dada wa kazi mwenyewe ni binti mdogo, mtoto anashinda na katuni kwenye simu mpaka jioni. Kwa mtoto kama huyo dei kea nzuri ya jirani, yenye uji, michezo na mtu mzima anayeongea naye, ni afadhali mara mia. Kuna na suala la lugha. Mtoto wa kijijini Shinyanga nyumbani anaongea Kisukuma tupu, akiingia la kwanza moja kwa moja anafundishwa kuhesabu kwa Kiswahili ambacho hajakizoea, huyu mwaka wa awali ndo unamwokoa. Halafu mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake anagundua haraka kwamba huyu hasikii vizuri, yule haoni ubaoni, vitu ambavyo nyumbani tunaviita ukaidi.

Ila upande wa pili nao una mambo yake, na hapa ndo mimi naegemea zaidi. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Marekani kwenye majimbo ambayo mtoto lazima awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 ndo aanze kindagateni. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kuliko wote darasani, walikutwa na ADHD, ile shida ya kutotulia na kukosa umakini, kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba ambao walikuwa wakubwa kuliko wote. Tofauti kubwa hivyo haiwezi kuwa ugonjwa mtupu, wengine walikuwa wadogo tu, wakalinganishwa na wenzao waliowazidi karibu mwaka mzima. Sasa fikiria mtoto wetu wa Desemba anayekaa dawati moja na wa Januari ya mwaka huohuo, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito kuelewa. Mzito wapi jamani, hata miaka minne hajamaliza.

Na miili yao inasema ukweli. Mtoto wa miaka mitatu ukimpa penseli anaishika kwa ngumi nzima, mkono wote unatembea kuanzia begani, halafu anapewa homuwaki ajaze ukurasa wa herufi a ndani ya mistari, anafuta mpaka karatasi inatoboka, mama anafoka, mtoto analia. Hajashindwa kusoma huyo, vidole bado. Hapo sijagusa wale wa Dar wanaochukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri wakiwa wanasinzia na kurudi jioni wakiwa wanasinzia tena, hapo muda wa kucheza uko wapi?

Lakini utafiti wa wenzetu tuusome kwa akili. Mtoto anayesubiri mwaka mmoja kwenye nyumba yenye vitabu na mzazi wa kumsomea sio sawa na anayesubiri kwa kufungiwa ndani, kwa hiyo "asubiri" ni ushauri mzuri kwa aliye na mahali pazuri pa kusubiria.

Mimi ningeangalia vitu vidogo vya kila siku. Anasema mapema akitaka kwenda chooni, na kaptula anaivua mwenyewe? Akiumwa tumbo anaweza kumwambia mtu asiye mama yake? Akiachwa kwa shangazi nusu siku analia kidogo akanyamaza, au anakataa hata kula? Kujua kuimba a e i o u hakunishtui, hilo darasani atafundishwa. Vijijini ongeza na njia, kama kuna korongo la kuvuka wakati wa masika na shule shikizi, yaani tawi dogo la shule kuu, haijafika karibu, mtoto wa miaka mitano hata awe na akili vipi hawezi kwenda peke yake.

Na shule nayo ihojiwe, sio mtoto tu afanyiwe intavyuu. Waulize wako wangapi kwa mwalimu mmoja, wanalala saa ngapi, fimbo ipo, nje wanacheza muda gani. Wakikujibu kwa kujisifu kwamba bebi klasi yao inaandika sentensi, chukua mwanao uondoke. Bweni kwa umri huu ndo kabisa hapana, na serikali yenyewe mwaka 2023 ilizuia bweni kuanzia awali mpaka la nne.

Mwenye mtoto wa Novemba au Desemba, kama una wa kukaa naye, mwache mwaka mmoja zaidi. Kama ameshaanza na unaona anahangaika, ongea na mwalimu arudie awali sasa hivi akiwa bado hajui kurudia ni nini, usingoje akaririshwe la pili wakati wenzake wameshajua kucheka.