Ua Ukibomolewa, Mtoto Acheze Wapi?

Kutoka mlangoni petu hadi kwenye mtaro ni hatua kumi na mbili. Mwanangu wa miaka minne huzihesabu kila asubuhi tukienda chekechea, na akifika ya kumi na mbili husimama, akanyoosha mikono nimbebe. Mfuniko wa zege ulivunjika zamani. Jirani akaweka ubao, ubao ukaoza. Masika yakishika, maji hupanda hadi yakalingana na njia, na hapo hujui tena ardhi inaishia wapi na shimo linaanzia wapi.

Nimeripoti mara nne. Kila mara nimepokewa vizuri, nikaambiwa hakuna fungu. Mara ya nne niliuliza fungu hupitishwa na nani. "Bunge la kaunti, mama." Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu: mwaka 2027 nawania kuiwakilisha wadi yetu katika bunge hilo.

Hapa Mombasa tunaweza kukesha barazani tukibishania rais na gavana. Lakini soma Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 uone kaunti imekabidhiwa nini: chekechea, zahanati, uzoaji taka, mifereji ya mvua, taa za barabarani, bustani, mipango ya ujenzi. Ndiyo siku nzima ya mtoto mdogo hiyo. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bungeni ifikapo 30 Aprili, na 1 Julai mwaka wa fedha unaanza. Ndani ya miezi hiyo miwili ndipo mtaro wetu hupata pesa au hukosa.

Nilihudhuria kikao kimoja cha kukusanya maoni. Kiliitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na kina mama wenye watoto mapajani tulikuwa wawili tu. Nilipotaja mifuniko ya mitaro niliambiwa hilo ni jambo dogo. Si dogo kwa anayeshika mkono wa mtoto.

Na mtaro si peke yake. Mimi nimelelewa hapa Majengo katika nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na nyuma uani. Uani ndiko tulikopikia, tulikofulia, na ndiko watoto wa nyumba nzima tulikocheza, mama yeyote aliyekuwa akikuna nazi akitutupia jicho. Sasa nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine, ghorofa zinapanda hadi ukingo wa kiwanja. Siwalaumu wenye nyumba, kila mtu anatafuta riziki. Ila ua ukishaondoka, mtoto hubaki na ngazi na barabara, na barabarani kuna tuktuk na bodaboda. Anayeidhinisha ramani ya ghorofa la familia ishirini bila kuuliza watoto wao watacheza wapi ametuhamisha bila kututumia barua. Dada yangu ameshakwenda Utange. Kaka yangu yuko Mtwapa, kaunti nyingine kabisa, na kila alfajiri anarudi kisiwani kufanya kazi. Wanawe huwaona wamelala.

Nataka kuingia bungeni niliulize swali hilo la ua kila mpango wa ujenzi unapoletwa mezani, na nataka viwanja vya wazi vilivyobaki vipimwe na viandikwe kwa jina la umma kabla havijaisha.

Mamangu anaogopa. "Siasa itakuvunjia heshima, mwanangu." Hofu yake ni ya haki, maana wanawake wanaogombea hutukanwa mchana kweupe. Wengine wananishauri ningoje viti maalumu. Vile hugawiwa kupitia orodha za vyama baada ya kura, nami nataka mtu wa mtaa huu aweze kunigongea mlango akaniambia: nilikuchagua, mfuniko uko wapi?

Nitasimama kama mgombea huru. Katiba inataka niungwe mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi, na nisiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Nimenunua daftari nijue mapema nani yuko nami. Hadi jana lilikuwa na majina 41, mengi ya kina mama tunaokutana mlangoni pa chekechea. Leo alasiri napita nyumba za ng'ambo ya mtaro, mtoto nikiwa nimembeba.