Mshenga Aliyetetema

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, na katika muda wote huo sikuwahi kupagawa na mchezaji yeyote, kwa kuwa niliamini kwamba mtu mzima hushabikia klabu, hashabikii miguu ya mtu mmoja. Yanga ni ya mwaka 1935. Baba yangu aliipenda, nami nikairithi kama wengine wanavyorithi minazi. Wachezaji huja na kuondoka, sisi tupo. Msimamo huo ulidumu hadi mwaka 2021, aliposhuka Fiston Mayele kutoka AS Vita Club ya Kinshasa, nikajikuta nimempakata mjukuu asiyejua hata kutambaa na kumweleza jinsi mshambuliaji yule anavyompa beki mgongo kama mtu asiye na haraka, kisha akageuka, na wewe unaposema ameupoteza mpira, kipa anauokota wavuni.

Alianza kunitia wazimu tarehe 25 Septemba 2021, alipoifunga Simba goli pekee katika Ngao ya Jamii, ile mechi ya kufungulia msimu. Mwezi Agosti mwaka uliofuata, katika Ngao hiyo hiyo, Simba walitangulia kufunga, naye akarudisha, kisha akaongeza la pili, na mimi nikapoteza kiatu kimoja cha wazi ambacho hadi leo sijui kilikwenda wapi. Baada ya hapo sikuwa tena na la kujitetea.

Lakini kilichonimaliza hasa si magoli, bali ule mtindo wake wa kushangilia ambao mji mzima uliuita kutetema. Mwalimu mwenzangu mmoja aliyestaafu alishikilia kwamba neno sahihi ni kutetemeka. Nikamwambia kuwa tetema ni Kiswahili safi na limo kamusini, na kwamba kama hakubali basi asubiri Jumamosi. Kwa macho ya mtazamaji ni jambo jepesi, mtu kutikisa mikono na mabega, lakini anayejaribu kwa dhati hugundua kwamba siri iko magotini, maana magoti yakikaza mwili hukataa kutetema na badala yake huruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Nilijifunza mbele ya kioo cha kabati kwa wiki tatu. Mke wangu alipita, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hiyo homa ikikuachia ukanunue unga."

Sasa nije kwenye mkasa wenyewe. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Mayele alikuwa ndiye aliyewabeba, kwani magoli yote mawili dhidi ya Rivers United kule Uyo, Nigeria, yalikuwa yake. Fainali ilikuwa ya mechi mbili, na ya kwanza dhidi ya USM Alger ya Algeria ilipangwa kuchezwa Jumapili, tarehe 28 Mei, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tiketi nilikuwa nayo. Siku tisa kabla, wakwe watarajiwa wa mpwa wangu wakatuma habari kwamba wazee watatupokea kwa mazungumzo ya mahari siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, huko Mjimwema, Kigamboni. Baba mkubwa wa binti, ambaye ndiye aliyepanga tarehe, ni Simba wa kufa na kuzikana. Alisema ni bahati mbaya tu. Sikumwamini siku ile na simwamini leo.

Mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Ukoo uliamua zamani kwamba kwa kuwa nilifundisha Kiswahili basi nina ulimi wa kuposea, kana kwamba ngeli za nomino zimewahi kumshusha mkwe bei. Na kwa kuwa mwoaji hahudhurii posa yake mwenyewe, tiketi yangu nikampa mpwa. Yaani kijana aliyekuwa anaoa alikwenda uwanjani kumtazama Mayele, na mimi, niliyeoa mwaka 1984 na sina mpango mwingine, nikapanda pantoni la Magogoni na kaka yangu mkubwa, tukiwa na mfuko wa tende, bahasha ya kufungulia mdomo na nyuso za watu wenye heshima zao.

Nilijiandaa kwa namna mbili ambazo sikumwambia kaka. Ndani ya kanzu nyeupe nilivaa jezi ya kijani yenye namba 9 na jina la Mayele mgongoni, kwa hoja kwamba kama mwili hauwezi kwenda uwanjani basi uwanja uje mwilini. Na simu niliiweka mfukoni, nikapitisha waya wa hedifoni chini ya kanzu hadi shingoni, sikio la kushoto likapata redio na kofia ya viua ikashushwa kidogo kulifunika. Mtu akiniuliza nilikuwa tayari kusema kwamba sikio linaniuma, jambo ambalo kwa umri wangu haliombi ushahidi.

Tulipokelewa vizuri mno. Sebule ilikuwa na feni, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kahawa, kashata, na pazia la mlango wa ndani ambalo lilikuwa likipumua, maana nyuma yake walijaa shangazi, mama wadogo na majirani. Baba mkubwa alianza na nasaba ya ukoo wao tangu Kisiju. Hakuna mtu duniani anayeweza kuifupisha nasaba ya namna hiyo, nami nilikuwa namwombea aendelee, kwa kuwa kipindi cha kwanza kilikuwa kinakwenda. Katika dakika ya 32 Aymen Mahious akatufunga. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyechomwa, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun!"

Bahati iliyoje: baba mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ametaja kifo cha babu yake binti. Alinyamaza, akanitazama kwa macho yaliyolowa, akasema, "Mshenga, wewe ni mtu wa watu. Wengi huja hapa wakasikiliza habari za marehemu kama wanasikiliza nauli ya daladala." Akaagiza niongezewe kahawa. Kaka yangu akanigusa goti kwa pongezi. Na hapo, nakiri, ndipo nilipopata kiburi kwamba shughuli zote mbili ninaziweza.

Ni lazima nieleze kidogo kazi ya mshenga inapofika kwenye fedha, kwa sababu bila hilo msomaji hataona ukubwa wa balaa. Upande wetu ulikuwa umepanga mwisho milioni moja na nusu. Kanuni ni kwamba kiasi chochote kitakachotajwa, mshenga hatikisiki. Kwanza hunywa kahawa polepole, kisha hukohoa mara moja, kikohozi kikavu kisicho na uadui, kisha husifu malezi ya binti, na baada ya hapo ndipo hutamka, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine, kwamba kijana bado anajitafuta. Furaha ni haramu. Mshenga akitabasamu tu, laki mbili zimekwenda. Kaka alinikumbusha hayo tukiwa ndani ya pantoni, nikamjibu kwamba samaki hafundishwi kuogelea.

Saa 11 na nusu ilipita. Mkaja wa mama ulikuwa umekubaliwa, kilemba cha baba kimekubaliwa, na baba mkubwa akajiweka sawa kwenye kochi. Redio ilikuwa inaniambia kwamba Yanga wanashambulia. Nikainamisha kichwa kushoto, mzee akadhani ni unyenyekevu.

"Basi, mshenga," akasema, "kwa mahari ya binti yetu, na tumetazama hali ya maisha, hatukutaka kumuumiza kijana, tumesema milioni tatu."

Ilikuwa dakika ya 82.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mtangazaji akilivuta jina la Mayele mpaka likajaa kichwani, na nakumbuka nikiwa nimesimama katikati ya sebule, kikombe cha kahawa kikiwa hewani kwa safari zake mwenyewe, nikipiga ukelele, "Ndiyoooo! Hapo sawa! Hapo hapo!" Kisha magoti yakalegea yenyewe, kama nilivyoyazoeza mbele ya kabati, na mwili wote ukatetema. Lazima niseme, bila majivuno, kwamba sijawahi kutetema vizuri kama siku ile.

Nyuma ya pazia walisikia mambo mawili tu: milioni tatu, na ndiyo. Vigelegele vililipuka. Mtu akapiga sahani kwa kijiko. Baba mkubwa, ambaye nina hakika alitegemea kuishia milioni mbili, alibaki ameduwaa na mdomo wazi, halafu taratibu uso wake ukafunguka kama ua la asubuhi, akasema, "Alhamdulillahi. Sijawahi kuona ukoo unaotoa kwa furaha namna hii." Kaka yangu alinitazama kwa macho ya mtu anayepanga mazishi, ila hajaamua ya nani.

Bado ningeweza kuokoa jahazi. Nilikaa, nikakohoa kile kikohozi kikavu, nikafungua mdomo nianze kusifu malezi ya binti. Ndipo, dakika ya 84, Islam Merili akawafungia Waarabu goli la pili.

"Mama yangu!" nikashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Tumepigwa! Jamani, tumepigwa!"

Vigelegele vikakatika kama umeme. Pazia likafunguliwa na shangazi wa binti akatoka, mwanamke mwenye kifua na sauti, akasimama mbele yangu na kuuliza, "Nani kawapiga? Mwalimu, nani kawapiga humu ndani? Binti yetu ni utapeli?" Kaka akaanza kueleza kwamba mimi nina presha. Mama mmoja akasema hapana, hiyo si presha, mtu hawezi kucheka, kutetemeka na kulia ndani ya dakika mbili, huyo ana kitu kimempanda kichwani, na kabla sijajitetea akaleta jagi la maji na kunimwagia kuanzia utosini.

Kanzu ya pamba nyepesi ikilowa haifichi siri. Ilinigandamana mwilini, na kijani kikachomoza kifuani kama majani baada ya mvua. Nikageuka ili nijistiri, jambo ambalo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, maana baba mkubwa alikuwa nyuma yangu. Alivaa miwani. Akasoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, "Ma... ye... le." Kisha akanyoosha mkono, akavuta ule waya kutoka chini ya kofia, akauweka kwenye sikio lake na kusikiliza kwa muda mrefu kidogo.

"Ngapi ngapi?" shangazi akauliza.

"Mbili moja," akasema. "Wanaongoza Waarabu." Na mzee yule, niliyekuwa nangoja anifukuze, akakaa chini na kucheka mpaka akavua miwani. Aliponyamaza aliniambia kwamba wao Simba walifika fainali ya Afrika mwaka 1993 na hawakummwagia mtu kahawa.

Niliomba suala la mahari lirudiwe. Akakataa: neno la mshenga limetoka na vigelegele vimepigwa, na vigelegele havirudishwi mdomoni. Hata hivyo, kwa heshima ya lile goli la pili, alipunguza laki mbili. Kwa hesabu hiyo Mayele alituongezea milioni moja na nusu, na Merili akaturudishia laki mbili. Wakati ule Rais Samia alikuwa akitoa fedha kwa kila goli ambalo klabu zetu zilifunga katika mashindano ya Afrika. Nadhani mimi ndiye raia pekee aliyelinunua goli lile kwa mara ya pili.

Tulirudi na pantoni la magharibi, kaka amekaa upande wa pili kabisa, mimi nakauka kwa upepo wa bahari. Nikiwa natunga maneno ya kumweleza mpwa, simu ikaita. Alikuwa yeye, na alikuwa analia.

"Mjomba," akasema, "tumekwisha."

Moyo ukaniruka. "Nani kakwambia?"

"Nani kaniambia vipi? Nilikuwa uwanjani, mjomba! Dakika mbili tu! Mayele amerudisha, dakika mbili tu!"

Nikamwacha alie. Sikuona sababu ya kumwongezea msiba siku ile ile. Nilimweleza Jumanne, naye akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu, kama wakati goli linaingia nilitetema. Nikamwambia nilitetema. Akaniuliza kama magoti yalilegea.

Wiki iliyofuata Yanga walishinda goli moja kule Algiers na bado kombe likabaki huko kwa kanuni ya goli la ugenini, maana jumla ilikuwa mbili mbili, ila wao walifunga mawili kwetu na sisi moja tu kwao. Mahari tulikubaliana kulipa kwa awamu nne. Tulipokuwa tumemaliza awamu ya kwanza, Mayele akauzwa kwa Pyramids ya Misri.