Picha za watoto zisizopangwa: zinanasa maisha au zinayakatiza?

Mtoto wa miaka mitatu amekaa mlangoni, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, anahangaika kuingiza mguu wa kushoto kwenye kiatu cha kulia. Mzazi anachomoa simu. Mtoto anainua uso, anaacha kiatu, anakenua meno yote. Picha imepatikana, ila kilichotakiwa kupigwa kimeshakwisha.

Hapo ndipo ulipo ubishi kuhusu kuwapiga watoto wetu picha wakiwa katika shughuli zao za kila siku, bila kuwapanga. Wanaotetea wanasema picha ya pozi huonyesha nguo na tabasamu la kuagizwa, wakati ile ya ghafla humwonyesha mtoto mwenyewe: anavyonuna, anavyoshika penseli kwa ngumi, anavyolala kifudifudi sakafuni akizungumza na gari la plastiki. Wakosoaji nao wanasema mzazi anayewinda matukio kutwa nzima huwa hayumo kwenye matukio hayo, na mtoto huzoea kuishi kama yuko jukwaani. Wote wana haki ya kusikilizwa. Lakini ukichunguza jinsi mambo yanavyoharibika, lawama nyingi za wakosoaji zinaangukia maandalizi mabovu kuliko picha yenyewe. Anayefungua programu, akatafuta modi, akagusa skrini mara mbili kisha akasema “hebu rudia tena” ndiye anayemgeuza mtoto kuwa mwigizaji.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla. Kwenye kamera, cha kwanza ni kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera hubaki wazi kupokea mwanga. Mtoto aliyetulia anachora anatosheka na 1/125. Anayetembea anataka 1/250. Anayekimbia au kuruka 1/500 hadi 1/1000. Simu ikiachiwa iamue yenyewe ndani ya chumba chenye mwanga hafifu inaweza kushuka hadi 1/30 au chini yake, ndiyo maana ukuta hutoka safi na mkono wa mtoto hutoka kama moshi. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe, kikomo chake 6400, na kasi isishuke chini ya 1/250. Picha itakuwa na chembechembe, lakini chembechembe zinapunguzika baadaye. Mkono uliotoka ukungu haurekebishiki.

Tundu la lenzi ndipo wengi wanapojikwaa. Wananunua lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) kwa ajili ya mandhari laini nyuma, kisha wanashangaa ndugu wawili waliokaa pamoja mmoja yuko kwenye fokasi na mwingine hayuko. Hesabu yake ni hii: kwa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera yenye kipokea mwanga (sensa) kikubwa cha “full frame”, mtoto akiwa umbali wa mita 1.5, f/2 inakupa kina cha fokasi, yaani eneo linalotoka safi kutoka mbele hadi nyuma, cha sentimita 22 hivi tu. Mtoto akiinama kuokota kitu, uso umeshatoka nje ya kina hicho. Ukifunga hadi f/4 unapata kama sentimita 45, na bado nyuma kunabaki laini kiasi. Milimita 35 pia inatosha chumbani bila kukubana mgongo ukutani.

Mwanga wa dirisha unashinda flashi kwa kila hali katika aina hii ya picha. Flashi humwambia kila mtu chumbani kwamba kuna kamera, na baada ya mmweko wa kwanza mchezo umekwisha. Zima taa za juu ikiwa dirisha linatosha, maana taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, shavu moja huwa la chungwa na jingine la bluu. Vitu vya kuchezea vikiwa mita moja hivi kutoka dirishani, mtoto atajileta mwenyewe kwenye mwanga, na hapo hakuna aliyepangwa. (Wapo watakaosema huo nao ni upangaji. Sawa, lakini mtoto hajui, na anachofanya ni chake.) Angalizo moja: shata ya kimyakimya ya kielektroniki, ambayo ni rafiki mkubwa wa picha za namna hii, huweza kuchora mistari ya giza chini ya baadhi ya taa za LED. Ukiiona, rudi kwenye shata ya kawaida, au shusha kasi hadi 1/100 kama umeme wenu ni wa hezi 50, au 1/120 kama ni wa hezi 60.

Kwa simu, futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole huleta ukungu ambao hakuna programu inayouondoa vizuri. Piga kwa kitufe cha sauti badala ya kugusa skrini. Shuka hadi usawa wa macho ya mtoto, au igeuze simu juu chini ili lenzi iwe karibu na sakafu. Piga fremu tatu hadi tano, kisha weka simu chini na umrudie mtoto. Mtu aliyejiandaa hivyo hachukui sekunde kumi, na hoja ya “mzazi asiyekuwepo” hupungua uzito sana.

Haiishi kabisa, lakini. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha utafiti uliofanyika ndani ya jumba la makumbusho: walioelekezwa kupiga picha vitu vizima walivikumbuka vibaya kuliko walioelekezwa kuvitazama tu, ingawa waliokuza kwa kamera sehemu moja tu ya kitu hawakupata hasara hiyo. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Alixandra Barasch walileta sura nyingine: watu walioachiwa uhuru wa kupiga picha walikumbuka vizuri zaidi walichokiona, lakini vibaya zaidi walichokisikia. Tafiti hizi hazikuwapima wazazi na watoto wao, kwa hiyo tusizibebeshe mzigo usio wake. Hata hivyo hilo la kusikia linagusa, kwa sababu nusu ya utamu wa mtoto mdogo ni maneno yake. Tiba ni rahisi kuliko ubishi: usiku huohuo, ukichagua picha moja ya kubaki na kufuta nyingine, andika chini yake sentensi aliyoisema, na makosa yake ya matamshi kama yalivyo.

Tuipe pozi haki yake pia. Picha iliyopangwa huhakikisha kila mtu yumo, akiwemo yule anayeshika kamera siku zote. Katika mikusanyo mingi ya picha za ghafla, mzazi mmoja hukosekana miaka na miaka, kana kwamba hakuwahi kuishi nyumba hiyo. Kipima muda cha sekunde 10 na kamera juu ya rafu vinasaidia, au mpe mtoto mwenyewe kamera. Tena mpaka kati ya aina hizi mbili si mnene kama tunavyodhani. Sally Mann, mpigapicha wa Marekani, alisifika kwa picha za wanawe zinazoonekana kama zimeokotwa katikati ya maisha, wakati alitumia kamera kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10, mtambo usioweza kumvizia mtu. Watoto walijua, walitulia, walishiriki. Picha hizohizo zilipotoka kitabuni mwaka 1992 zilizua mjadala mkali, na mjadala wenyewe haukuhusu ufundi. Ulihusu nani ana haki ya kumwonyesha mtoto hadharani.

Hapa ufundi haumsaidii mtetezi. Mtoto asiyejua kwamba anapigwa picha hakukubali, na ndiyo bei ya uhalisia tunaousifia. Ndani ya nyumba bei hiyo inabebeka. Mtandaoni ni suala jingine. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinalinda faragha ya mtoto, na sheria ya Ufaransa ya Februari 2024 inawataka wazazi walinde kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake, wakimshirikisha kulingana na umri na upeo wake. Picha za kuoga, za kulia kwa hasira na za ugonjwa zibaki nyumbani. Hata picha isiyo na ubaya hubeba beji ya shule, namba ya nyumba, au kumbukumbu ya mahali ilipopigwa. Izuie programu ya kamera isisome mahali ulipo. Kwa ndugu wa mbali, chapisho la sentimita 10 kwa 15 linahitaji pikseli 1200 kwa 1800 tu, ambazo karibu simu yoyote ya leo inazo.

Na mtoto akishafika umri wa kusema “hiyo ifute”, ifuteni pamoja, yeye akitazama, kisha ingieni pia kwenye kapu la zilizofutwa, kwa maana simu nyingi huiweka humo siku 30 au zaidi.