Arletty mbele ya mizani ya 1944

Tarehe 9 Machi 1945, katika ukumbi wa Palais de Chaillot jijini Paris, watazamaji waliiona kwa mara ya kwanza Les Enfants du paradis, filamu ya zaidi ya saa tatu iliyoongozwa na Marcel Carné na kuandikwa na Jacques Prévert. Jiji lilikuwa limekombolewa miezi sita tu nyuma, na vita vyenyewe vilikuwa havijaisha. Jina kubwa kuliko yote kwenye orodha ya waigizaji lilikuwa la Arletty. Siku hizo Arletty mwenyewe alikuwa La Houssaye-en-Brie, kijiji cha mashariki ya Paris, akiwa chini ya amri ya kutotoka hapo. Kisa chenyewe: alikuwa amependana na ofisa wa jeshi la anga la Ujerumani.

Habari zake mpaka leo husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaomfanya shujaa wa mapenzi aliyeonewa na watu wenye wivu. Wapo wanaomwita msaliti, basi, faili limefungwa. Zote mbili zinaruka pagumu. Arletty alikosea, na waliomwadhibu walikosea, ila makosa hayo si ya aina moja na hakuna linalolifuta jingine.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1898 Courbevoie, kitongoji cha wafanyakazi pembeni mwa Paris, kwa jina la Léonie Bathiat. Baba alifanya kazi kwenye tramu, mama alifua nguo za watu. Vita vya 1914 vilipoanza, mpenzi wake wa kwanza aliuawa mapema kabisa. Mwaka 1916 baba naye akafa kwa ajali ya tramu. Binti akaenda kiwandani kutengeneza makombora, baadaye akawa mwonyesha mavazi, kisha akaingia jukwaani kwenye vichekesho na nyimbo. Alijiapiza kwamba hataolewa wala hatazaa, asije akawa mjane wa askari au mama wa askari, na kiapo hicho alikishika hadi kufa. Nalitaja hili kwa sababu linatumiwa na pande zote mbili: watetezi huliona ni chuki halisi ya vita, washitaki huliona ni kinga ya mtu anayetaka kuishi kana kwamba vita havimhusu.

Sinema ya sauti ilipoingia alikuwa ameshapita miaka 30, umri ambao waigizaji wengi wa kike walianza kupewa nafasi za mama wa msichana. Kilichombeba ni sauti. Katika Hôtel du Nord ya mwaka 1938, nyota waliotangazwa walikuwa Annabella na Jean-Pierre Aumont. Arletty alikuwa Raymonde, kahaba wa hoteli, na Louis Jouvet alikuwa Edmond, mwanamume anayeishi kwa jasho la Raymonde. Wamesimama kwenye daraja la mfereji wa Saint-Martin, ambao mbunifu Alexandre Trauner aliuunda upya studioni Billancourt, maji na yote. Edmond anasema anakosa pumzi, anahitaji kubadili hewa, na hewa inayombana ni Raymonde mwenyewe. Anatumia neno atmosphère. Raymonde analidaka kama tusi, analirudia mara mbili kwa lafudhi ya vitongoji, analivuta na kulitema, halafu anauliza kama yeye ana sura ya atmosphère. Mwandishi wa mazungumzo, Henri Jeanson, aliandika maneno machache tu. Arletty ndiye aliyeyafanya yabaki kwenye midomo ya Wafaransa hadi leo, na wanaokumbuka kisa kilichobaki cha filamu hiyo ni wachache. Anayetaka kujua kwa nini Paris ilimpenda, na kwa nini baadaye ilijiona imeumizwa naye kuliko na wengine, aanzie hapa. Alikuwa sauti yao.

Mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, alitambulishwa kwa Hans-Jürgen Soehring. Aliyewakutanisha alikuwa Josée de Chambrun, binti wa Pierre Laval, mtu mzito wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Soehring alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi. Alikuwa ofisa, na alihudumu kwenye mahakama ya kijeshi ya jeshi la anga la Ujerumani hapo Paris.

Tuanze na upande wa mashitaka, maana watetezi wake hupenda kuupunguza. Mwaka huo mgawo wa mkate kwa mtu mzima ulishuka hadi gramu 275 kwa siku. Watu walikuwa wakikamatwa na kupelekwa Drancy, kambi ya kizuizini pembeni mwa Paris, na kuanzia 1942 kutoka Drancy kwenda Auschwitz. Katika jiji hilo hilo Arletty alionekana kwenye karamu za wakubwa, akiwa na mtu wa jeshi lililoleta njaa hiyo. Hakuwa mtoto, alikuwa na miaka 42. Na njia nyingine ilikuwepo. Jean Gabin, aliyeigiza naye Le jour se lève mwaka 1939, aliondoka kwenda Marekani, kisha akajiunga na jeshi la Ufaransa Huru na kurudi nyumbani akiongoza kifaru. Michèle Morgan naye aliondoka. Kusema kwamba mapenzi hayachagui ni kweli kwa siku ya kwanza. Kwa miaka inayofuata, mtu anachagua kila jioni anapoamua akae meza gani.

Tena uso maarufu una uzito wake. Mwanamke asiyejulikana akipendana na askari, mtaa wake ndio utakaojua. Arletty akionekana na ofisa, jiji zima linaambiwa kwamba hali hii ni ya kawaida, zoeeni. Hoja hii kwangu ndiyo nzito kuliko zote, na sijaona utetezi unaoivunja.

Sasa upande wa pili. Baada ya ukombozi, mtu wa sinema angeweza kukamatwa na polisi au wapiganaji, kuhojiwa, kuwekwa kizuizini, halafu faili lake likapelekwa kwenye kamati za kuwachuja wafanyakazi wa fani walioshukiwa kushirikiana na Wajerumani. Kamati ziliweza kutoa karipio, au kumzuia mtu kufanya kazi kwa muda. Makosa mazito yalikwenda mahakamani. Arletty alikamatwa Oktoba 1944. Alilala siku kadhaa kwenye mahabusu ya Conciergerie, akahamishiwa Drancy, ile ile kambi, ambayo sasa ilikuwa imejazwa watuhumiwa wa usaliti, kisha akapelekwa La Houssaye alikokaa takriban mwaka mmoja na nusu. Novemba 1946 kamati ikatoa uamuzi: karipio. Adhabu ndogo kuliko zote, baada ya miaka miwili ya kuzuiwa. Hapo ndipo utaratibu ulipopinda, kwa sababu adhabu halisi ilitolewa kabla ya uamuzi, na uamuzi ulipokuja ulikuwa mwepesi kuliko adhabu.

Na alipimwa kwa kipi? Kipimo cha maana kwa mtu wa sinema kilikuwa kazi aliyoifanya. Wajerumani walikuwa na kampuni yao ya filamu Paris, Continental, chini ya Alfred Greven, iliyotoa filamu 30 kati ya 1941 na 1944. Arletty hakuifanyia hata moja. Machi 1942 kundi la waigizaji wa Ufaransa, akiwemo Danielle Darrieux, lilipelekwa Berlin kwa safari ya propaganda. Arletty hakuwemo. (Darrieux naye ana utetezi wake: mchumba wake alikuwa kizuizini Ujerumani, naye alisema ndiyo sababu iliyompeleka.) Hakuna aliyemshitaki Arletty kwa kumchongea mtu. Mwandishi mzee Tristan Bernard, Myahudi, alipokamatwa mwaka 1943 na kufikishwa Drancy, Arletty na mwigizaji na mwandishi Sacha Guitry ndio waliobisha hodi mpaka akaachiwa. Hata hilo lina makali pande zote, kwa sababu mlango ule ulifunguka kwa kuwa alijulikana na wenye funguo. Ila Bernard alitoka hai.

Kwa hiyo kilichobaki kwenye mizani ni kitanda. Ufaransa ya 1944 iliwanyoa nywele hadharani wanawake wapatao 20,000, wengi kwa tuhuma za kulala na Wajerumani, na wengine kwa tuhuma hizo bila hata ushahidi. Wafanyabiashara waliowauzia Wajerumani saruji na magari hawakunyolewa barabarani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikata upande mmoja. Kuna jambo jingine lisilotajwa vya kutosha: Wafaransa wa kike walipewa haki ya kupiga kura kwa amri ya Aprili 1944, na walipiga kura mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 1945. Arletty alikamatwa akiwa na miaka 46 na hakuwahi kupiga kura hata siku moja. Aliulizwa habari za uaminifu wake na dola ambayo maisha yake yote haikuwa imemuuliza anataka itawaliwe vipi.

Hapa niwaonye wanaosambaza habari zake. Uvumi kwamba naye alinyolewa ulizagaa mwaka ule ule wa 1944; hakunyolewa. Hakuhukumiwa kifo. Na ile kauli maarufu, kwamba moyo wake ni wa Ufaransa ila makalio yake ni ya kimataifa, inahusishwa naye kila mahali, na wapo wanaosema Jeanson ndiye aliyeitunga. Kumjengea mtu kesi au utetezi juu ya kauli ya namna hiyo ni kujenga juu ya mchanga. Kauli hiyo imemdhuru kuliko ilivyomsaidia, kwa sababu inafanya swali zito lionekane ni mzaha.

Rudi kwenye Les Enfants du paradis yenyewe, maana ndani yake kuna ushahidi ambao kamati isingeweza kuusoma. Upigaji picha ulianza Agosti 1943 Nice, kwenye studio za Victorine, ukakatizwa Italia ilipojisalimisha, ukaendelea Paris. Trauner aliyebuni seti na Joseph Kosma aliyetunga muziki walikuwa Wayahudi na walifanya kazi kwa siri. Robert Le Vigan, aliyepangwa kuigiza mchuuzi Jéricho, alikimbilia Ujerumani. Huyu alikuwa mshirika wa kweli wa Wanazi, na baadaye alihukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu. Nafasi yake ikachukuliwa na Pierre Renoir. Katika kundi moja la kazi kulikuwa na waliojificha na aliyetoroka na adui, na katikati yao Arletty akiigiza Garance, mhusika mkuu wa kike.

Tazama Garance anavyoingia. Yuko kwenye kibanda cha maonyesho, ameketi ndani ya pipa la maji hadi mabegani, anajitazama kwenye kioo, na watu wanalipa kumwona. Jina la onyesho ni Ukweli. Muda mfupi baadaye, barabarani, bwana mnene anaibiwa saa na Garance, aliyesimama karibu, ndiye anayeshikwa. Umati unamzunguka. Baptiste, mwigizaji wa ishara ambaye Jean-Louis Barrault anamcheza, anasimulia tukio lote bila neno: tumbo la bwana, mkono wa mwizi, saa ikitoka mfukoni. Umati unacheka, polisi anamwachia. Angalia uso wa Arletty muda wote huo. Hajitetei, halii, hata hakasiriki. Ana utulivu wa mtu aliyezoea kudhaniwa, na anatoa ua kumshukuru shahidi. Watazamaji wa mwaka 1945, filamu ilipokuwa ikionyeshwa Paris kwa zaidi ya mwaka mzima, walijua yule mwanamke yuko wapi.

Kazi yake haikufa, ila ilivunjika mahali pabaya. Mwaka 1947 Carné alimwita kwenye La Fleur de l'âge, iliyopigwa kisiwani Belle-Île na kuachwa kabla ya kukamilika. Mwaka 1949 alicheza Blanche jukwaani, katika tafsiri ya Jean Cocteau ya tamthilia ya Tennessee Williams. Nafasi nyingine kama Garance haikuja. Umri ulichangia, na ladha ya watazamaji ilibadilika, hivyo si haki kuitwisha kamati kila kitu. Lakini mwaka mmoja na nusu mtu anapokaa kijijini wakati filamu yake inajaza kumbi ndio wakati ambao watayarishaji wangekuwa wanagonga mlango.

Soehring je? Baada ya vita alimtaka ndoa, Arletty akakataa. Ofisa yule wa mahakama ya kijeshi akaingia wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani Magharibi, akapanda, na mwaka 1960 akawa balozi Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika Kongo iliyokuwa imejitawala miezi michache tu. Oktoba mwaka huo alizama Mto Kongo alipokuwa akiogelea. Kwa mwanamume aliyevaa sare, vita vilikuwa ukurasa kwenye wasifu wa kazi. Kwa mwanamke aliyempenda, vikawa jambo la kwanza linalotajwa kila jina lake linapotamkwa.

Mwaka 1954 Carné aliwaweka Arletty na Gabin pamoja tena, mume na mke, katika L'Air de Paris, kisa cha mkufunzi wa ndondi. Gabin alikuwa na haki ya kumkataa kuliko mjumbe yeyote wa kamati. Wanakaa jikoni na kugombana kuhusu pesa na kijana anayefundishwa ngumi, wakikatizana maneno kama wanandoa wa miaka mingi, na sauti ile ya Courbevoie iko pale pale.