Fomu ya leta mu simu: nani anaijaza kweli?

Mimi ni dizaina wa huduma za leta (serikali) za mu simu, yaani nashugulikia ile njia mtu anapita tangu anafungua fomu mpaka anapata karatasi yake: wapi atabonyeza, neno gani ataona, akikosea atarudi namna gani. Huku Lubumbashi, mu Kongo, wengi wakisikia ivi wanawaza ni kuchagua rangi tu. Sasa kuna bishano moja inarudi kila mara kati yetu wenye kufanya hii kazi, na mimi mwenyewe nilibadilisha mawazo ndani yake mara mbili: tutoe kabisa mtu wa katikati, mwenye kujazia wengine fomu, kila mwananchi ajijazie mu simu yake, ao tukubali kama huyu mtu yuko na atabakia?

Wenye kusema atoke wako na sababu za nguvu, sitaki kuzipunguza. Mtoto akizaliwa, sheria ya familia vile ilirekebishwa mu 2016 inapatia wazazi siku 90 za kumuandikisha, na ndani ya zile siku ni bure. Zikipita, inaomba hukumu ya tribinali, na pale njo feza inaanza kutoka kweli kweli. Mama anafika ku biro, hakuna fasi bei imeandikwa, leo anaambiwa hii kesho anaambiwa ingine, na madesu ya bana (hongo ndogo) juu yake. Skrini moja yenye kusema "ni bure, umebakiza siku 40" ingemusaidia mama yule kuliko semina kumi. Hiyo naiamini mpaka leo.

Lakini ukienda pembeni ya biro za komine, iwe Katuba, Kampemba ao Ruashi, hautakosa kijana na ordinateri, imprimante, na jeneratere ndogo juu ya delestaji (kukatwa kwa umeme). Nilikaa na mmoja wao asubuhi mzima, juu kazi yetu inaomba ukae utazame watu kabla ya kuchora kitu. Mama mmoja akakuja kuandikisha mtoto mu fomu yetu, mtoto mu mgongo, simu yake ile ndogo ya mabutoni, akamuambia: "Papa, unijazie iyi, mie kifaransa yabo siisikie muzuri." Kijana akaingiza namba yake mwenyewe, juu simu ya mama ilikuwa imekufa batri, akaweka imeli yake, kode ikafika kwake, mesaje ya kusema dosiye imepokelewa ikafika kwake, mama akarudia nyumba na kipande ya karatasi yenye namba iliandikwa na biki. Kufika jioni nikaangalia orodha yetu: ile namba moja ya simu ilikuwa na watoto kumi na mmoja waliozaliwa mwezi ule.

Fomu yetu iliamini kijana njo mama. Hakuna mwenye alidanganya pale, ni sisi hatukuwahi kuuliza.

Na fomu yenyewe ilikuwa nguvu kujaza juu ya vitu tulichukua kwa wengine bila kuwaza. Ilikuwa na masanduku mawili ya jina. Sisi tuko na jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (mara mingi jina la kikristo), historia inayotoka tangu wakati Mobutu alikatazaka majina ya kikristo mu 1972, na ukiwa na masanduku mawili tu postnomu inapotea, ao inashikamana na jina, halafu haifanane tena na kadi ya elekta (ya mpiga kura), na kadi ya elekta njo watu wengi wanatumia sawa kitambulisho. Tena ilikuwa inaomba kode ya posta, wakati adresi ya huku ni avenyu, nimero, kartye na komine. Ilikuwa inaomba siku kamili ya kuzaliwa ya mzazi, na kuna wazazi wanajua mwaka tu. Tukaja ku lugha: Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, lakini fomu ilikuwa Kifaransa tupu. Tulipotafsiri tukaandika "cheti cha kuzaliwa", Kiswahili safi, na watu wakasimama palepale, hawakujua ni nini. Tukaandika "karatasi ya kuzaliwa ya mtoto" wakapita.

Mwenzangu mmoja anasema tengeneza hivi vyote vizuri na mtu wa katikati atapotea peke yake. Nilikuwa naamini ivyo. Lakini kumbuka mashini ya kupigia kura ya 2018, iliweka picha za wagombea ju ya skrini, na ilikuwa wazo nzuri kwa mwenye hajui kusoma, na ata ivyo mwenye hajawahi kugusa skrini aliomba mtu amusaidie, na siri ya kura yake ikawa mashakani. Ongeza RAM, ile makato ya leta ku simu, ilianza 2020 ikatolewa mu 2022, yunite (salio) zilikuwa zinatoka mu simu bila mtu kuelewa. Mtu aliyepita mu ile, simu ikimuomba jina na namba ya kadi, anaogopa, na ako na haki. Anaona heri uso wa kijana anamujua.

Kumukubali kijana nako kuna bei yake. Anajua siri za kartye mzima, anapanga bei vile anataka, na fomu ikiwa mbaya njo yeye anapata faida. Rwanda, Irembo, njia yao ya huduma za leta mu intaneti, iko na maajan (mawakala) wanaojulikana wa kusaidia mwenye hawezi mwenyewe, na mimi naona ile ni njia, basi awe na fasi yake inayoonekana mu fomu.

Kwa hiyo swali ya kwanza sasa ni: "Unajijazia, ao unajazia mtu mwingine?" Ukisema mwingine, inaomba namba mbili, na mesaje inaenda kwa mwenye dosiye. Asipokuwa na simu, karatasi inaprintiwa na namba ya dosiye kubwa, na bei ya leta kwa juu.

Nilirudi kumuonyesha yule kijana. Akaangalia muda mrefu, akauliza: "Mukiandika bei ya leta pale, ya kwangu nitaiandika wapi?" Tukaongeza mustari wa pili chini ya ule wa kwanza: ya leta, 0, ya msaidizi, anaijaza mwenyewe, na inatoka ku karatasi ya mama.