Reli ya treni ya mfano nyumbani Tanga: ya vipande au ya kupindika?

Anayetaka kujenga treni ya mfano nyumbani hupewa ushauri uleule: anza na reli ya vipande, ile ya kupindika, inayouzwa ndefu ukaikunja na kuikata mwenyewe, waachie mafundi. Ushauri huo si wa kubeza. Lakini kwa sisi wa Tanga, ambako upepo wa bahari hauachi madini salama hata ndani ya kabati, naona umetolewa bila kuangalia hali ya hewa.

Vipande vina haki yake. Kona zake zimeshapimwa kiwandani. Mtoto anavipachika sakafuni asubuhi, jioni vinarudi boksini. Mpangaji asiyejua mwakani atakuwa nyumba gani haharibu kitu. Kwa matumizi hayo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye viungo. Chukua kipimo cha HO, yaani 1:87, ambapo reli mbili zimeachana milimita 16.5. Duara lenye nusu kipenyo cha milimita 457 linataka vipande 12 vya nyuzi 30. Kila kiungo kina vibati viwili vya kuunganishia, kimoja kwa kila reli, kwa hiyo duara moja lina vibati 24. Reli ya kupindika huuzwa kwa urefu wa milimita 914. Tatu na kipande kidogo zinamaliza duara hilohilo kwa vibati 8.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu umeme wa treni unapita humohumo, na kibati hushika reli kwa kuibana tu. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika vikipenya, utando unajijenga ndani. Injini iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kusuasua upande ulio mbali na waya. Mwenyewe anasugua reli kwa kitambaa na spiriti mpaka inang'aa, na injini bado inasita palepale, maana uchafu uko ndani ya kibati, kitambaa hakifiki. Reli ya shaba ya njano huchafuka mapema. Ile ya aloi ya shaba, nikeli na zinki huchelewa, ila kiungo kinabaki kiungo. Dawa ni kuvichomea kwa risasi, au kupeleka waya wake kwa kila kipande. Vibati 8 unavimudu. Kwa 24, wengi huishia njiani.

Kinachowatisha watu kwenye reli ya kupindika ni kuikata. Ukiikunja, reli ya ndani huchomoza; kwenye kona ile ya milimita 457, kwa urefu wote wa milimita 914, huchomoza kama milimita 33. Unakata kwa msumeno wa meno madogo, unapiga tupa ncha, unatoa mataruma ya mwisho ili kibati kiingie. Kiungo kikiangukia katikati ya kona, unganisha na kuchomea reli zikiwa bado zimenyooka, ndipo uzipinde pamoja. La sivyo hapo patakuwa na pembe na mabehewa yataanguka. Kuchomea kwenyewe, fundi redio yeyote wa Ngamiani atakuonyesha.

Kuna na sura ya njia. Milimita 457 kwa kipimo cha 1:87 ni kama mita 40, kona kali mno kwa njia kuu. Reli ya kupindika inakuruhusu kuilegeza na kuiingia polepole, kama treni halisi inavyofanya. Anayetaka kuiga reli yetu ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, akumbuke kuwa upana wake ni mita moja. Kwa 1:87 anahitaji njia ya milimita 12. Ile ya 16.5 inawakilisha upana wa SGR.

Kwenye joto, vipande vina nafuu. Chini ya bati mchana, mita moja ya reli hurefuka kama robo ya milimita joto likipanda nyuzi 15, na aliyechomea kila kiungo ataikuta reli imebinuka. Acha viungo vichache bila kuchomea, kila upande upewe waya wake.

Na mwenye seti ya vipande asiitupe. Vitumie stesheni, kwenye njia zilizonyooka za kuegeshea mabehewa, mradi kimo cha reli kilingane: ya milimita 2.54 haiungani vizuri na ya 2.1 bila kibati maalumu.